Jedwali la mwaka 1977 ndani ya redio ya machimboni

Ukishuka kwenye basi Katoro, Masumbwe au Kahama mjini, hutembei hatua nyingi kabla ya kukutana na redio ndogo inayopiga muziki kutoka kwenye memori kadi. Ipo dukani, ipo kwenye bodaboda, ipo pembeni ya duara wachimbaji wakisubiri zamu, ipo karashani ikishindana na kelele za mota. Haina intaneti wala kioo cha maana. Ina tundu la flashi, tundu la kadi na vitufe vichache, basi.

Sasa nikuulize. Umeziandika nyimbo zako vizuri kabisa, 01, 02, 03, ukaziweka kwenye kadi, ukaiwasha redio, ikaanza na 07, ikarukia 02, ikaja 11. Umewahi kujiuliza kwa nini? Simu yako inazipanga vizuri. Kompyuta inazipanga vizuri. Redio haitaki.

Redio haijaharibika. Inafuata uamuzi uliofanywa Marekani mwaka 1977, kabla wengi wetu tunaosoma hapa hatujazaliwa. Nataka nikueleze uamuzi huo na jinsi kifaa kidogo kinavyosoma faili, kwa sababu mwaka jana nililazimika kuuelewa baiti kwa baiti. Si kwa ajili ya tasnifu yangu. Ni kwa ajili ya kadi ya mjomba.

Mjomba alifanya kazi kwenye maduara ya Nyarugusu, Geita, kwa miaka mingi. Mwaka 2011 alikwenda kumsalimia bibi, mama yake, akawasha simu yake ya vitufe na kumrekodi akisimulia kwa Kisukuma jinsi familia ilivyohama na ng'ombe kutoka upande wa Shinyanga kuja Geita. Si wao peke yao waliohama. Baada ya Vita Kuu ya Pili watu wengi walitoka Usukuma ya kati, ardhi ikiwa imebana na mifugo imejaa, wakaelekea magharibi kufungua mapori ya Geita, na serikali ya kikoloni ilihimiza jambo hilo. Vitabu vya historia vinalitaja kwa takwimu. Bibi alilitaja kwa majina: nani alitangulia, nani alibaki, ng'ombe yupi alikufa njiani. Mjomba anasema alisimulia kama dakika ishirini. Bibi alifariki miaka miwili baadaye.

Halafu siku moja mjomba akapeleka kadi kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo. Kijana wa kibandani akaona kadi inasumbua, akaiformati, akajaza nyimbo. Alifanya kama walivyozoea kufanya, simlaumu sana. Mjomba aligundua baada ya wiki mbili. Nilipokwenda likizo, hata sijamaliza "shikamoo", akanikabidhi kadi imefungwa kwenye karatasi ya sigara: "Marahaba. Mpwa wangu, wewe si umesomea makompyuta? Hebu itazame hii."

Haya, turudi 1977.

Mwaka huo Marc McDonald, mmoja wa wafanyakazi wa mwanzo wa Microsoft, aliandika njia ya kupanga mafaili kwenye diski laini kwa ajili ya toleo la lugha ya BASIC. Tatizo lake lilikuwa hili: diski imegawanywa katika vipande vidogo, faili moja linaweza kuhitaji vipande vingi, na vipande hivyo havikai pamoja kila mara. Ukifuta faili la katikati unaacha pengo, faili jipya linaingia kwenye pengo, likibaki linaendelea mbali huko. Utajuaje kipande kipi kinafuata kipi?

Jibu lake lilikuwa jedwali. Kila kipande cha diski kina nafasi yake moja kwenye jedwali, na katika nafasi hiyo imeandikwa namba ya kipande kinachofuata. Kipande cha mwisho kina alama ya "hapa mwisho". Kipande kitupu kina sifuri. Ndiyo hiyo tu. Kwa kifupi linaitwa FAT, yaani jedwali la mgawo wa mafaili.

Mwaka 1980 Tim Paterson wa kampuni ya Seattle Computer Products aliuchukua mtindo huo kwenye mfumo endeshi alioutengeneza, Microsoft ikaununua mfumo ule, na Agosti 1981 ukatoka na kompyuta ya IBM PC. Diski zake zilibeba KB 160. Wimbo mmoja wa leo hauingii hata robo yake humo! Baadaye namba za kwenye jedwali zikawa zinakuzwa kila diski zilipokua: biti 12, biti 16 mwaka 1984, FAT32 mwaka 1996. Wazo halikuguswa. Mwaka 1999 Panasonic, SanDisk na Toshiba walipotangaza kadi ya SD, walihitaji mpangilio ambao kila kompyuta duniani ingeusoma bila kusakinisha kitu, na uliokuwepo ulikuwa huo. Hivyo jedwali la diski laini likahamia kwenye flashi, teknolojia aliyoibuni Fujio Masuoka wa Toshiba katika miaka ya 1980, ambayo haizunguki na haina uhusiano wowote na diski laini.

Mimi naona hiyo ndiyo sehemu ya kushangaza ya historia hii. Kilichoshinda hakikuwa kizuri kuliko vyote. Pale Bell Labs, Ken Thompson na Dennis Ritchie walikuwa na Unix tangu 1969, yenye mpangilio wa mafaili ulio bora kwa mambo mengi. Kilichoshinda ni kile ambacho hata kifaa maskini kabisa kingeweza kukisoma.

Na redio yetu ni maskini kweli. Ndani yake kuna chipu moja inayofanya kila kitu. Kuna maikrokontrola inayopendwa sana na wanafunzi wa elektroniki, ATmega328, ile ya Arduino Uno: ina kumbukumbu ya KB 2. Siyo MB. KB. Na kadi haikupi baiti mojamoja, inakupa sekta nzima ya baiti 512. Yaani ukisoma sekta moja tu umeshatumia robo ya kumbukumbu yote uliyonayo.

Sasa jiweke wewe kwenye nafasi ya anayeandika programu ya kusoma faili ndani ya kifaa hicho. Mtu wa juu yako, yule anayecheza muziki, hataki kujua habari za jedwali. Anachojua yeye ni maneno matatu aliyoyarithi Unix: fungua, soma, funga. "Nisomee baiti 512 kuanzia hapa nilipofika." Wewe uko katikati. Chini yako kuna dereva ambaye naye hajui faili ni nini, anajua tu "nipe sekta namba fulani". Kazi yako ni kugeuza lugha ya huyu kuwa lugha ya yule.

Tuseme wimbo unaanza kwenye klasta namba 700, na klasta moja ni baiti 32,768. (Klasta ni fungu la sekta, ndicho kile kipande cha McDonald.) Mchezaji muziki amefika kwenye baiti ya 100,000. Ziko wapi? Gawanya 100,000 kwa 32,768: unapata 3 na kubaki 1,696. Kwa hiyo umeruka klasta tatu nzima na uko ndani ya ya nne. Lakini klasta ya nne ni ipi? Hujui. Fungua jedwali, tazama nafasi ya 700: imeandikwa 701. Tazama 701: imeandikwa 702. Tazama 702: imeandikwa 1950. Kumbe iliruka! Basi ni 1950. Sasa chukua ile 1,696, gawanya kwa 512: ni 3 na kubaki 160. Soma sekta ya nne ndani ya klasta 1950, anzia baiti ya 160. Umpe mchezaji baiti zilizobaki humo, 352, halafu uvute sekta inayofuata kumalizia 512 alizoomba. Weka alama ulipofika. Mara nyingine akisema "soma", unaendelea hapohapo bila kuanza upya.

Kama hesabu hiyo umeifuata, umeshaelewa sehemu kubwa ya kazi ya kusoma faili kwenye mfumo mdogo. Iliyobaki ni uangalifu: usisome kupita mwisho wa faili, usiamini namba iliyoko nje ya jedwali, ukikuta kadi imechomolewa sema ukweli badala ya kurudisha takataka.

Ila tazama kitu kimoja. Mnyororo ule unakwenda mbele tu. Klasta 1950 haijui kwamba iliyoitangulia ni 702. Ukitaka kurudi nyuma huna njia ila kuanza tena kwenye 700 na kuhesabu upya. Kwenye kompyuta hilo si tatizo kwa sababu jedwali linaweza kukaa lote kwenye kumbukumbu. Kwenye kadi ya GB 8 yenye klasta za ukubwa ule, jedwali la FAT32 peke yake linakaribia MB 1. Chipu ya KB 2 italiweka wapi? Hailiweki. Inavuta sekta moja ya jedwali, inatazama namba, inaitupa, inavuta nyingine.

Mwaka 2006 Mjapani anayejulikana kwa jina la ChaN alitoa bure programu iitwayo FatFs, iliyoandikwa kwa ajili ya vifaa vya namna hii hasa. Ukiisoma utaona adabu ya mtu aliyekulia kwenye uhaba: katika mpangilio wake mdogo kabisa, jedwali, folda na faili vyote vinapokezana dirisha moja tu la baiti 512. Ukiomba sekta nzima nzima, inazipeleka moja kwa moja kwenye kumbukumbu yako bila kuzipitisha dirishani, ili isinakili mara mbili. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuifuatilia kwa wiki moja. Jaribu, utajifunza kuliko kwenye slaidi zetu.

Kuna tabaka jingine juu yake nitalipita haraka. Katikati ya miaka ya 1980 wahandisi wa Sun Microsystems walitaka kompyuta moja isome mafaili ya aina tofauti, ya diskini na ya kwenye mtandao, bila programu kujua tofauti. Wakaweka mlango mmoja mbele na vyumba vingi nyuma: ukisema "soma", mlango unatazama faili hili ni la chumba gani na kukupeleka huko. Leo hata mifumo endeshi ya vifaa vidogo, kama Zephyr iliyozinduliwa 2016, ina mlango huo. Nyuma yake unaweza kuweka FatFs, au littlefs ya kampuni ya Arm, iliyotengenezwa kwa kufikiria kwamba umeme utakatika wakati wowote. FAT haikufikiria hilo. Betri ikizima katikati ya kuandika, mnyororo unaweza kukatika, na ndiyo maana kadi nyingi "hufa" zikiwa bado nzima.

Sasa lile swali la alfabeti. Folda kwenye FAT ni orodha tu ya mistari, kila mstari baiti 32: jina la herufi 11, namba ya klasta ya kwanza, ukubwa wa faili, na vitu vingine vichache. Mistari inakaa kwa mpangilio ulioandikiwa, wimbo ulionakiliwa kwanza mbele, wa pili nyuma yake. Kuipanga kwa alfabeti unahitaji kumbukumbu ya kushika majina yote, na redio haina. Inasoma mstari wa kwanza, inapiga. Ukifuta wimbo na kuweka mwingine, mpya unaweza kuchukua mstari ulioachwa wazi, ndiyo maana wimbo wa jana unajitokeza katikati ya za mwaka juzi.

Hata yale majina ya ajabu kama NYIMBO~1.MP3 yanatoka humo. Majina marefu yaliongezwa mwaka 1995 kwa ujanja wa kuyaficha kwenye mistari ya pembeni, na kifaa kisichoyasoma kinaona lile fupi tu. Wengine waliyaacha kwa kubana kumbukumbu, na kulikuwa na hofu nyingine: Microsoft ilikuwa na hataza juu ya ujanja huo, na mwaka 2009 iliishtaki TomTom, watengenezaji wa vifaa vya kuonyesha njia. Walimalizana nje ya mahakama, lakini watengenezaji wadogo walipata ujumbe.

Na kufuta? Ukifuta faili, hakuna kinachosuguliwa. Herufi ya kwanza ya jina inabadilishwa kuwa alama moja maalumu, na namba za mnyororo wake kwenye jedwali zinawekwa sifuri. Sauti yenyewe inabaki palepale ilipokuwa, haina mwenyewe, mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kuformati kwa haraka ni hivyohivyo kwa kadi nzima: jedwali jipya tupu, folda kuu tupu, mengine hayaguswi.

Kwa hiyo nilipoichukua kadi ya mjomba, ya GB 2, nilijua bibi anaweza kuwa yumo. Nilijua pia kwamba yule kijana alishaingiza nyimbo zipatazo mia mbili, karibu nusu ya kadi, na kadi iliyotoka kuformatiwa hujazwa kuanzia mwanzo. Kilichokuwa kwenye nusu ya kwanza, kwaheri.

Kwanza nilinakili kadi nzima, baiti zote, kwenye kompyuta, na kadi nikairudisha kwenye karatasi yake ya sigara. (Ukipatwa na jambo kama hili, anza hivyo. Usiandike chochote kwenye kadi yenyewe.) Simu ile ilirekodi kwa mtindo uitwao AMR, na faili la AMR huanza na baiti sita zinazojulikana: #!AMR na alama ya mstari mpya. Nikazitafuta kwenye kadi yote. Hakuna. Mwanzo wa faili ulikuwa umefunikwa, labda na Bongo Fleva.

Nilikaa siku mbili nikidhani habari imeisha hapo. Halafu usiku mmoja, umeme umekatika, naandika kwa kalamu, nikaona kitu. AMR kwa kasi yake ya juu inakata sauti vipande 50 kwa sekunde, kila kipande baiti 32, na kila kipande huanza na baiti ileile, 60 kwa hesabu ya kawaida. Kichwa cha faili ni baiti 6. Basi vipande vinaanzia baiti ya 6, ya 38, ya 70, na kuendelea. Na klasta ya baiti 32,768 ukiigawanya kwa 32 unapata 1,024 kamili, hakibaki kitu. Maana yake, katika kila klasta ya faili lile, hata ya mbali kiasi gani, 60 zitakuwa palepale: 6, 38, 70, mara 1,024. Wimbo wa MP3 hauwezi kufanya hivyo kwa bahati.

Jedwali lilikuwa limekufa, lakini sauti yenyewe ilikuwa imebeba alama yake.

Niliandika programu ya mistari kama ishirini. Ikapita klasta zote. Ikapata 31: mfululizo mmoja wa 22 na mwingine wa 9, vyote kwenye nusu ya pili ya kadi. Klasta moja ni sekunde 20.48 za kuongea, kwa hiyo jumla ni dakika 10 na sekunde 35. Baiti sita za mwanzo wa kila mfululizo zilikuwa mkia wa kipande kilichopotea, nikazifuta na mahali pake nikaandika kichwa cha AMR, ambacho nacho ni baiti sita. Kama vile ilipimwa.

Kipi kinatangulia, cha 22 au cha 9? Jedwali ndilo lingeniambia, na halikuwepo. Nikampelekea mama visikilizie. Alisikiliza vyote viwili bila kusema neno, akarudia, kisha akasema: "Hiki kifupi ndicho cha nyuma. Hapa tayari wameshavuka, anasema habari za nyumba ya kwanza." Kwenye kile kirefu bado wako njiani na ng'ombe.

Mwanzo haupo. Bibi alianza kwa kutaja baba zake, mmoja baada ya mwingine, mjomba anakumbuka hivyo. Anakumbuka majina manne. Anadhani yalikuwa saba.

Redio ya mama haipigi AMR, kwa hiyo niliigeuza sauti kuwa MP3. Nikachukua kadi mpya, nikaiformati, na kabla ya kuweka kwaya na nyimbo zake nyingine nikanakili faili moja lenye jina fupi, BIBI.MP3, liingie kwenye mstari wa kwanza wa folda. Sasa kila akiiwasha, ndilo linaloanza.